Kineno cha Mwalimu Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipigiana hodi na kuazimana chumvi, kiangazi kikali kiliingia nchi ya majabali. Visima vikakauka. Mito ikabaki mchanga mtupu. Likabaki bwawa moja tu, na ndani ya bwawa hilo alikuwa amejaa nani? Kiboko!

Basi angekaa mle akaoga zake kimya, tungemsamehe. Lakini Kiboko huyu aliwahi kufugwa ng'ambo, kwenye bustani ya wanyama, na aliporudi alirudi na neno la Kiingereza. Neno moja tu, wanangu! Tena lenyewe dogo, herufi mbili: on. Kwa kineno hicho akajiita Mwalimu, akatangaza:

"Bwawa hili sasa ni la wasomi! Asiyejua maana ya on hachoti hata tone. Na mtajibu mkiwa nje ya matete. Sura zenu zinanichafulia maji!"

Yeye mwenyewe akajilaza nyuma ya matete, macho kayafumba, masikio tu yako juu ya maji. Raha gani hiyo, na wenzako wanakufa kwa kiu!

Kulikuwa na Bi Pimbi, yule mnyama mdogo akaaye mapangoni. Hata ndoo yake ilikuwa kubwa kuliko yeye. Nyumbani alimwacha mwanawe Kidawa, mwili unachemka kwa homa, midomo imepasuka, anaita, "Mama, maji. Mama, maji." Bi Pimbi akajitwika ndoo, mbio mpaka bwawani.

"Hodi, Mwalimu! Shikamoo."

"Marahaba. On ni nini?"

"Sijui, Mwalimu. Nichotee kidogo tu, mwanangu anaumwa."

"Hakuna cha kidogo! On ni juu. Chungu kiko on meza. Nenda ukakariri, urudi kesho."

Bi Pimbi akakariri usiku kucha, huku akimlambisha Kidawa umande wa majani. Kulipokucha, huyoo!

"On ni juu, Mwalimu!"

"Kosa!" Kiboko akanguruma. "Hiyo ilikuwa jana. On ni siku. On Jumatatu, on Ijumaa."

"Siku nayo ina juu?"

"Usinibishie! Rudi nyumbani!"

Akarudi na siku zake, akaambiwa kosa, on ni taa ikiwaka. Akarudi na taa yake, akaambiwa kosa, on ni nzi akitua ukutani.

"Ukutani?" Bi Pimbi akashangaa. "Mbona ulisema juu? Nzi wa ukutani hayuko juu ya ukuta, Mwalimu, yuko ubavuni!"

"Kosa, kosa, kosa! Na mtu akizungumza kuhusu jambo fulani, anazungumza on jambo hilo. Hilo nalo hulijui! Ondoka!"

Bi Pimbi akaibwaga ndoo chini kwa hasira. Maji ya mvua, yaliyoshuka yenyewe kutoka mbinguni, leo yamewekewa mtihani! Na mtoto je, homa itamsubiri mpaka mama afaulu?

Hakwenda nyumbani. Alijibanza nyuma ya kichaka atazame wenzake wanafaulu vipi. Mara akaja Bwana Nyati, pembe hizo, kifua hicho, boga begani. Akalirusha ng'ambo ya matete. Chubwi!

"On ni nini?" Kiboko akauliza, sauti imelainika.

"On ni... aah, ni mkia wangu," Nyati akajibu huku akipiga mwayo.

"Hongera! Akili inachemka! Chota, Bwana Nyati, waite na wakeo!"

Bi Pimbi nusura apasuke. Mkia! Yeye kakesha akikariri, na huyu kafaulu kwa mkia! Kineno kina maana nyingi, sawa, hakatai. Lakini Kiboko hakuwa akisikiliza maana hata moja. Alikuwa akisikiliza chubwi. Na Bi Pimbi boga atalitoa wapi, na shamba limekauka?

Akaenda kwa jirani yake Kasuku, anayeweza kuiga sauti ya kila mtu. Wakanong'ona, ps ps ps. Jioni ile Bi Pimbi akarudi bwawani, mpole kabisa, na Kasuku akatua kwenye matete, kimya.

"Mwalimu wangu, mimi kichwa changu kizito. Nakuomba uniambie maana zote kwa mpigo, nizishike."

Kiboko alikuwa anapenda mno kujisikia akisema. "Fungua masikio, ewe kichwa cha jiwe. Kh'mm! On ni juu. On ni siku. On ni taa ikiwaka. On ni nzi ukutani. On ni kuhusu jambo. Kh'mm! Umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu. Ahsante."

Asubuhi Bi Pimbi akapita kila mlango. "Jamani, leo nafanya mtihani! Njooni mshuhudie!" Swala wakaja, ngiri wakaja, Nyati naye akaja, akitaka kumcheka. Wote wakasimama nje ya matete.

"Hodi, Mwalimu! Nimekuja kujibu."

"On ni nini?"

Bi Pimbi akamkonyeza Kasuku. Kasuku akatoa sauti ileile nene ya Kiboko: "Kh'mm! On ni juu. On ni siku. On ni taa ikiwaka. On ni nzi ukutani. On ni kuhusu jambo. Kh'mm!"

Kiboko akatega sikio. Akangoja chubwi. Chubwi haikuja.

"Kosa!" akafoka. "Kosa tupu! Na sauti gani hiyo, kama gunia la mawe linaburutwa! Mpumbavu gani amekufundisha?"

Wanyama wakaziba midomo.

"Umenifundisha wewe, Mwalimu," akasema Bi Pimbi. "Lakini ngoja nijaribu tena."

Akaokota jiwe zito, akalirusha ng'ambo ya matete. Chubwi!

"On," akasema kwa sauti kubwa, wote wasikie, "ni kamasi za bibi yako!"

"Hongera!" Kiboko akanguruma. "Akili inachemka! Chota, binti, chota!" Kisha akazamisha kichwa, akaling'ata boga lake. Ka! "Yalaa! Jino langu!"

"Maboga yangu!" Nyati akapiga ukelele. "Maboga yangu yote yale! Kumbe hata jiwe lingetosha?" Akayavamia matete, vraaa! na wanyama wote wakamfuata na ndoo zao. Kiboko akafumbua macho, akaona nyuso zote zile alizokataa kuziona, na Kasuku ametua kichwani pake akisema, "Kosa! Kosa tupu!" Akazama kwa aibu, bulubulubulu.

Bi Pimbi hakungoja kumcheka. Alijaza ndoo, akakimbia nayo nyumbani, akamwinua Kidawa. Mtoto akanywa, gulu gulu gulu, akashusha pumzi, akasema, "Mama, niongeze."

Wanangu, elimu inayotumika kuwanyima wengine maji si elimu, ni wizi.