Kona ya Mfereji wa Namkunda

Maji hayaulizi jembe la nani. Mmeisikia kwa babu yenu asubuhi mkaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, hukuhuku kwetu Upareni.

Mwaka mmoja mvua zilikatika mahindi yakiwa magotini. Wazee wakaitisha msaragambo, kazi ya wote, ichimbwe njia ya maji kutoka bwawani hadi mashambani. Ili iishe upesi wakawagawa watu: nusu waanzie juu, nusu chini, wakutane katikati.

Siku ya tatu tu, majirani walikuwa wameshakuwa mataifa mawili. Wa Juu walijifunga majani kichwani, wa Chini kamba za mgomba. Senkondo wa Juu alitunga wimbo kwamba wa Chini wanachimba mashimo ya panya. Kila upande ukaficha vigingi vyake vya kupimia njia, mwingine usijue unakoelekea.

Basi wakapishana. Mifereji miwili ikalala ubavu kwa ubavu, hatua kumi kati yake, na hakuna aliyekubali kupinda. Kupinda ilikuwa kushindwa. Walikaa siku mbili wakitazamana, na mahindi yakijikunja.

Namkunda alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na shamba lake moja tu lilikuwa limeanza kugeuka njano. Alikuwa wa Chini. Kaka yake, Kiondo, ndiye aliyewaongoza wa Juu. Asubuhi iliyofuata Namkunda alivua kamba ya mgomba, akaanza kuchimba kuelekea upande wa pili. Wenzake wakamwita msaliti. Hakugeuka.

Alipofika, Kiondo alisimama ukingoni.

“Dada, hilo ni jembe la Chini. Lisiguse mfereji wetu.”

“Kiondo, wapwa zako wale wanakula nini mwezi ujao?”

Kaka hakusogea.

“Niondokee nichimbe. Maji hayaulizi jembe la nani.”

Palikuwa na jiwe lililomshinda. Senkondo, yule mwenye wimbo, akashuka, akalishika upande mmoja. Mimi humpenda Senkondo kwa hilo. Kisha Kiondo akaingia mtaroni.

Jioni maji yalifika kwa Namkunda.

Kona ile aliyoichimba ipo mpaka leo. Waulizeni wa Juu, watasema waliopinda ni wa Chini. Waulizeni wa Chini, watasema ni wa Juu. Nao wakibishana, maji yanapita.

Maji, wajukuu zangu, hayaulizi jembe la nani.