Fahali wa Kidhibiti

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, fahali wa mjane mmoja, Bi Matika, alikamatwa ikidaiwa ni wa wizi. Akafungwa nyuma ya kituo cha polisi kama kidhibiti, yaani ushahidi, asubiri kesi. Hakuiona. Siku mkubwa wa wilaya alipokuja kukagua kituo, Sajenti Madeje akaamuru, Konstebo Chilewa akachinja, Konstebo Sechelela akaandika kitabuni: amekufa kwa ugonjwa. Wakamla wote. Hata mkubwa alijilamba vidole.

Kesi ikaisha: fahali ni wa mjane, arudishiwe. Arudishiwe nini, kwato? Bi Matika akawa anashinda kituoni, na Chilewa akawa hatulii. Akiketi anainuka. Mwishowe mama yule akamshika mkono.

"Mwanangu, wewe una uso wa watu. Sema kweli. Mahakama itakuonea huruma."

Chilewa akasema kweli, wakashtakiwa wote watatu. Madeje akakana. Sechelela akakana. Chilewa akakiri, kisha akawa shahidi dhidi ya wenzake, akaeleza kila kitu mpaka kamba na kisu. Wakafungwa miaka mitano kila mmoja.

Wakakata rufani. Siku ya hukumu Chilewa alivifungua vifungo vya shati akavifunga tena, mara sijui ngapi. Jaji akasoma:

"Si salama kumfunga mtu kwa maneno ya mshirika wake peke yake. Madeje, Sechelela, mko huru. Chilewa, ulikiri mwenyewe. Aliyekiri hana rufani juu ya hatia. Utamaliza kifungo chako."

"Mheshimiwa, mimi niliyesema kweli ndiye nibaki?"

"Sheria sikuitunga mimi," akasema Jaji, na macho akayarudisha kwenye karatasi.

Nje, Madeje alikuwa keshavaa kofia, akamgeukia Chilewa aliyekuwa akirudishwa gerezani. "Kisu nilishika mimi? Amri nilitoa, ndiyo. Si ungekataa!"

Sechelela alikuwa analia. "Kaka, mwanangu bado ananyonya. Ningekiri, ningemnyonyeshea wapi?"

Chilewa akarudi gerezani. Anatembea ukuta hadi ukuta, wenzake wanamwambia kaa, hakai. Kila Jumapili Bi Matika anamletea karanga.

"Nilikutuma mimi," mama akamwambia Jumapili moja. "Fahali sina, na amani sina. Bora ningekuacha ukanyamaza."

Chilewa akaacha kutembea, akasimama tuli, kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Ningenyamaza, mama, leo ungenisalimia?"

Mjane akamenya karanga moja, akamenya nyingine. Karanga zikabaki mkononi.

Basi jibuni ninyi mliokaa hapa. Yuko aliyeamuru, yuko aliyechinja, yuko aliyeandika uongo. Yuko mkubwa aliyekula na wala hakuulizwa. Yuko jaji aliyeifuata sheria, na mjane aliyeitaka kweli. Je, kifungo kile kimoja kilichobaki, nani alistahili kukitumikia?