Malkia wa Masega Makavu

Malkia hatagi penye njaa. Asubuhi mlinisikia nikimwambia hivyo Shija, alipokuja kulalamika kwamba mkewe hapiki, kumbe unga wenyewe hakuacha. Mlicheka weee, kisha mkauliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Ila chanzo chake si cha kucheka, wajukuu zangu.

Ilianza kwa Nyamizi, mwanamke wa upande wa Sikonge. Mama yake alipofariki aliwaachia mabinti zake wawili mzinga mmoja wa nyuki, ule ule uliowalea. Nyamizi, aliye mkubwa, ndiye aliyeutunza. Mdogo wake Mbula alipoposwa, ikabidi ugawanywe, kwa maana kwao binti hakuolewa bila nyuki wa mama yake.

Sasa Nyamizi alikuwa mtu wa kuogopa maneno ya watu. Siku ya kugawa, wakwe wakiwa wamekodoa macho, alimpa Mbula nyuki wengi na masega yote yenye asali, pamoja na yale yenye mayai ili nyuki hao wajilelee malkia mpya. Malkia wa zamani akabaki na nyuki wachache na masega makavu. Wakwe walipiga vigelegele, naye Nyamizi akalala na furaha ya kusifiwa.

Kiangazi kikaingia, porini hakuna ua. Malkia akaacha kutaga. Kila Nyamizi alipochungulia mzingani aliona vyumba vitupu, na nyuki wanazidi kupungua. Roho ilimuuma, kwani hicho ndicho kitu pekee cha mama yake alichobaki nacho.

“Huyu amezeeka,” alimwambia mumewe, Masunga. “Kazi yake kutembeatembea juu ya masega kama mgeni rasmi. Namwondoa. Nimeshamwagiza Mbula aniletee sega lenye mayai, nyuki walee mwingine.”

“Mama Kabula, subiri kwanza mdogo wako afike.”

“Nisubiri mpaka mzinga ufe?”

Akamtoa malkia, akamminya kwa ukucha. Masunga akageuka, akaenda zake.

Mbula alifika na sega lake, nusu mayai, nusu asali. Walipoliweka mzingani, wale nyuki hawakuyatazama mayai. Waliirukia asali, wakasukumana, wengine wakaangukia humo humo.

Mbula alishika mdomo. “Dada, hawa wanakufa njaa! Kwani uliwaachia nini?”

Nyamizi aliyatazama yale masega makavu.

“Asali yote ulinipa mimi?”

“Yote,” akasema Nyamizi. “Wakwe zako walikuwa wanatazama.”

“Malkia wangu ni binti yake yule, dada, na anataga mpaka nafasi inakosekana. Mama mtu alikuwa mzima.”

Nyamizi akaketi chini, akalia kama siku ile ya msiba. Nyuki waliobaki walikuwa wachache mno hata wasiweze kuyapa joto yale mayai, na mzinga ukanyamaza. Mbula alimpa dada yake nyuki wengine baadaye, naye Nyamizi akawapokea kwa shukrani, lakini ule mzinga wa mama hakuutia nyuki tena. Aliuacha mtini hivyo hivyo.

Tangu hapo, mtu akimlalamikia juu ya mkwe mvivu au kibarua asiyefaa, Nyamizi alimwuliza kwanza, “Umemwachia nini?” Kisha, kwa sauti ya chini, macho yake kwenye ule mzinga mtupu, alisema: malkia hatagi penye njaa.