Askari Thelathini na Nyasi za Nanzia

Hapo zamani, watu wa mlimani na watu wa bondeni walipochoka kuzikana kwa sababu ya malisho, walikubaliana kwamba vita vyao vipiganwe mezani. Kila upande ulileta askari thelathini wa mbao, kila mmoja urefu wa kidole gumba, amesimama juu ya kitako cha mbao kilichofunikwa nyasi. Nyasi hizo hazikuwa pambo. Zilionyesha kwamba askari anasimama kwenye ardhi ya kwao. Askari aliyedondokwa na nyasi zake alihesabiwa kuwa hana ardhi, na aliondolewa mezani hata kama adui hajamgusa. Upande utakaobakiwa na askari wengi mwishoni ndio ungechukua mteremko wa malisho.

Fundi wa mlimani aliitwa Mrutu. Mkewe, Nanzia, alikuwa amefariki mvua mbili zilizopita, akazikwa kwenye mteremko uleule uliokuwa ukigombewa. Nanzia alikuwa mzaliwa wa pale. Mrutu alikuja mlimani kwa kuoa. Desturi yao ilikuwa kwamba mtu huzikwa katika ardhi yake au ya ukoo wake, na Mrutu hakuwa na ardhi mteremkoni hata ya kutosha kulala ubavuni pa mkewe. Kulala hapo ndilo jambo alilolitaka duniani, wala hakuwa na la pili.

Siku ya kwanza ya vita, askari kumi na wawili wa mlimani walidondokwa na nyasi. Watu wa bondeni walicheka, wakasema wenzao wameleta jeshi la vipara. Kanuni iliruhusu kila upande kutengeneza askari wake mara moja, kwa siku saba, na kuwarudisha wote mezani. Jumbe wa mlimani akatangaza kwamba, mteremko ukipatikana, atakayekuwa amezifanya nyasi zishike atachagua hapo kipande kimoja, hatua kumi kwa kumi, kiwe chake na cha kizazi chake.

Mrutu akajifungia na askari wake. Akabandika nyasi kwa uji wa muhogo, zikakauka, zikadondoka. Akauzidisha uji uzito, akabandika, zikakauka, zikadondoka.

Akaja Kiondo mfinyanzi, kaka yake marehemu Nanzia. Akamwokota askari mmoja, akakipangusa kitako kwa kidole, akakinusa kidole.

"Shemeji," alisema, "umewapaka mafuta ya nyonyo kama unawapeleka kuoa. Nini kitashika hapo?"

Mrutu akapangusa kitako kingine, naye akanusa. Kila alichochonga maishani alikipaka mafuta ya nyonyo king'ae, na mkono wake ulikuwa umefanya hivyo bila kumwuliza. Kiondo akavisugua vitako vyote kwa majivu na mchanga, akavipaka udongo wake mwembamba usiopasuka, vikakauka vikiwa na mikwaruzo kama ulimi wa ng'ombe.

Akaja Naetwe, mjane aliyeishi kwa kuuza utomvu wa mgunga mmoja uliosimama mteremkoni. Akaumwaga uji wa Mrutu nje, kuku wakaula. Akaloweka utomvu, akaupaka mzito, Mrutu akashindilia nyasi, kisha Naetwe akadondosha juu yake utomvu mwepesi kwa unyoya. Ulipokauka, Mrutu alimpindua kila askari kichwa chini, akamgonga mara tatu. Hakuna jani lililoanguka. Walikwenda kulala wakijua kazi imekwisha.

Asubuhi vitako vyote vilikuwa vitupu.

Nyasi hazikutawanyika. Zilikuwa zimelala sakafuni katika mstari mmoja mwembamba kutoka mguu wa meza hadi kizingitini, ncha zote zikitazama nje. Utomvu ulikuwa bado vitakoni, mgumu, wenye vitundu vidogo mahali kila jani lilipokuwa limesimama. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Naetwe aliufuata mstari ule hadi kizingitini. "Kaka Mrutu," alisema, "hizi hazikudondoka. Hizi zilikuwa zinakwenda. Ulizikata wapi?"

Mrutu akawaeleza. Nyasi za kawaida, ukizisimamisha karibu na mtu wa urefu wa kidole, zinaonekana kama migomba. Alitafuta mteremko mzima nyasi fupi na laini kama nyusi, na mahali pamoja tu ndipo zilipoota. Zilikuwa juu ya kaburi la Nanzia.

"Uliomba?" Kiondo akauliza.

"Sikuomba."

Adhuhuri Mrutu alizikusanya nyasi kwenye kitambaa, akaenda kaburini. Hakulia. Alimweleza mkewe habari yote kwa utaratibu, tangu meza hadi utomvu. Alimwambia kwamba mteremko ukichukuliwa, ng'ombe wa bondeni watapita juu yake kila siku. Kisha akasema, "Niazime." Upepo uliokuwa ukivuma tangu asubuhi ukakatika, na haukurudi siku ile.

Wakabandika upya. Kiondo akapaka udongo mara mbili. Naetwe akaacha utomvu ukauke siku mbili badala ya moja. Mrutu akashindilia jani baada ya jani. Safari hii nyasi zilikaa.

Siku ya saba, mzee wa bondeni aliigonga meza mara tatu kama kanuni ilivyomruhusu. Askari saba wa bondeni wakabaki vipara. Wa mlimani hawakupoteza hata jani, ingawa nyasi zao zilikuwa na siku nyingi tangu zikatwe, na zilikuwa bado mbichi. Mteremko ukawa wa mlimani.

Jumbe akawaita watatu chumbani kwake, askari wakiwa wamepangwa mezani, akawaambia wachague. Wote watatu wakataja mahali pamoja, penye kaburi la Nanzia.

Kiondo alisema: "Bila mimi, utomvu ungeteleza kwenye mafuta ya shemeji. Udongo wangu usiopasuka unapatikana hapo tu, kandokando ya dada yangu. Nitachimba kwa adabu, lakini nitachimba."

Naetwe alisema: "Bila mimi, mngekuwa bado mnapika uji. Mgunga ule ulio kando ya kaburi unawalisha wanangu wanne. Ukichimbwa udongo, mizizi itakatika. Likichimbwa kaburi, mizizi itakatika. Nisamehe, kaka Mrutu."

Mrutu alisema: "Bila mimi, kusingekuwa na nyasi. Mlibandika vizuri mara ya kwanza, nanyi mliona asubuhi yake. Mimi ndiye niliyekwenda kuomba. Sitaki kulima hapo wala kujenga. Nataka nikifa nilazwe."

Kiondo akajibu kwamba aliyeomba si aliyetoa. Naetwe akasema huenda aliyeomba hakupewa kitu, huenda ni zile siku mbili za kukausha. Hakuna aliyeweza kumthibitishia mwenzake.

Jumbe akauliza kama kuna mwingine mwenye dai. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Juu ya vitako thelathini, nyasi zikainama zote pamoja, taratibu, upande mmoja. Mrutu alitazama kwanza kama zimeinamia alipokaa yeye. Hazikuinama kwake, wala kwa Kiondo, wala kwa Naetwe. Ziliinama upande wa mteremko, zikabaki hivyo.

Jumbe alishindwa kukata shauri, na tangu hapo halijakatwa. Nyinyi mliosikia madai yote, likateni: aliyevikwaruza vitako, aliyeleta utomvu, aliyekwenda kuomba, au yeye aliyelala chini ya zile nyasi, je, nani alistahili kipande kile?