Digidigi Wawili Kwenye Lango la Miiba

Paukwa!

Pakawa!

Nipeni masikio, wakubwa kwa wadogo.

Hapo zamani za kale mvua iligoma. Nchi ya digidigi ikakauka, visima vikakauka. Digidigi mmoja, Mbeyu, akamwambia mdogo wake Dama, "Twende nchi ya Bonde la Kijani." Wakatembea, tiki, tiki, tiki. Siku nne jangwani. Vumbi puani, vumbi kooni.

Wakafika kwenye lango la miiba. Hapo kasimama Korongo, mkaguzi wa wageni. Kando yake Ngedere, kashika kibuyu cha majivu.

Korongo alitazama macho ya kila mgeni. Alitazama meno. Kisha alisema, "Kimbia mpaka kichuguu kile, urudi." Mzima alipita. Mgonjwa alipakwa majivu begani, akarudishwa jangwani.

Mbeyu akakimbia, akarudi.

"Pita."

Dama akakimbia, akarudi. Kho! Kho! Kho!

"Kifua kibovu," akasema Korongo. "Paka."

Ngedere akapaka.

"Bwana Korongo, ni vumbi tu!" akasema Mbeyu.

"Wote husema ni vumbi."

"Uliwahi kuwapa maji ukaona kama watapona?"

"Kazi yangu kukagua. Si kunywesha."

Dama akasema, "Dada, pita wewe. Angalau mmoja wetu aishi."

"Sipiti."

Mbeyu akajilaza katikati ya lango, pu! Foleni ya wageni nyuma yao ikasimama. Nyati akaguna. Nungunungu akalalamika. Korongo akachoka na kelele.

"Haya! Siku tatu, hapo nje. Siku ya tatu akikohoa, mnarudi wote wawili."

"Tumekubali."

Ngedere akawaonea huruma, akawaletea maji. Siku ya kwanza, kho, kho, kho. Siku ya pili, kho. Siku ya tatu Korongo akamkimbiza Dama mpaka kichuguuni, mara mbili. Kimya.

"Piteni."

Wakapita. Dama akaingiza mdomo kwenye majani mabichi, akala huku machozi yanamtoka.

Ngedere akauliza, "Bwana, na wale tuliowarudisha juzi? Na wa mwezi uliopita?"

Korongo akalitazama jangwa. Jeupe. Hakuna anayetembea.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kumkagua yeyote, aliweka mtungi wa maji nje ya lango.

Funzo lake ni hili: mgeni aliyetoka safari ngumu mpe maji kwanza, ndipo umpime.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ilikuwa yangu, sasa ni yenu.