Pimbi Aliyejitaja Ndugu wa Ndovu

Masikio yapo?
Yapo.
Yamefunguka?
Yamefunguka.
Basi tulieni, maana hadithi hii ina ndovu, na ndovu hapiti penye nafasi ndogo.

Zamani sana, babu wa babu yangu hajaota meno, ukame ulishika nchi. Mto ukawa mchanga mtupu. Ndovu wakachimba, wakachimba, wakachimba, wakapata kisima. Bi Mosi, mkubwa wa ndovu, akasimama ukingoni akatangaza, "Maji ni machache. Watakunywa ndugu zangu tu."

Kwenye miamba ya jirani aliishi pimbi mmoja, jina lake Kidawa. Ukimwona ungedhani ni sungura aliyekatwa masikio. Alikuwa na watoto watatu, na ndimi zao zilikauka kama magome. Kidawa akawatazama, akajipangusa vumbi, akashuka kisimani.

"Shikamoo, Bi Mosi."

"Marahaba." Bi Mosi akatazama kulia, akatazama kushoto. "Nani anasema?"

"Huku chini. Ni mimi mdogo wako, Kidawa. Nimekuja kunywa maji ya ukoo."

Ngiri aliyekuwa akichungulia kichakani akacheka mpaka akaanguka. Ndovu mmoja akapiga mguu chini. Ngiri akatimka, mkia juu kama bendera. Alipofika mbali akasahau anakimbia nini, akapiga magoti, akala majani.

"Una ushahidi?" Bi Mosi akauliza.

Kidawa akafunua mdomo. Meno mawili ya juu yakachomoza. "Hizi pembe zangu. Hazikomi kukua."

Ndovu wakatazamana.

Kidawa akainua mguu. "Hizi kucha zangu. Bapa kama zako."

Ndovu wakainama, wakakodoa macho.

"Na mimba je?" akauliza Bi Mosi. "Sungura hubeba mwezi mmoja."

"Mimi hubeba miezi saba."

Bi Mosi akajishika mgongo kwa mkonga. Yeye alibeba miezi ishirini na miwili, na mgongo ulikuwa bado unamuuma. Chozi likamtoka, likamlowesha Kidawa mwili mzima. "Huo uchungu ni wa kwetu," akasema. "Kawalete watoto, mdogo wangu."

Watoto wakanywa, wakanywa, wakanywa, wakapona.

Mvua ziliporudi, Kidawa akasikia miamba inatikisika. Ndovu arobaini walikuwa wamepanga foleni mlangoni kwake.

"Tangu tujuane hatujafika kwako," akasema Bi Mosi. "Tutakaa siku saba."

Kidawa akawakaribisha ndani. Wakaingiza mikonga tu, nyumba ikajaa. Akawaandalia majani matatu. Wakashukuru kwa adabu, wakagawana.

Kesho yake asubuhi Bi Mosi akamnong'oneza, "Mdogo wangu, choo kiko wapi?"

Pimbi wana choo kimoja cha ukoo, walichotumia mababu na wanachotumia wajukuu. Kidawa akamwonyesha kwa fahari. Ndovu arobaini wakaenda, mmoja mmoja, bila kusukumana. Kufika adhuhuri choo kilikuwa kilima. Kufika alasiri kilima kilikuwa kimefunika nyumba.

Kidawa akahamia mwamba wa juu na watoto wake. Hakulalamika. Siku ya saba, ndovu walipoaga, aliwatazama watoto walivyonenepa, akaita kutoka kileleni, "Karibuni tena, ndugu zangu."

"Ahsante," akajibu Bi Mosi. "Mwakani tutakuja na binamu yetu, Nguva. Anakaa baharini, kwa hiyo tafuta beseni."

Funzo ni hili: kabla hujamwita mtu ndugu, kamtazame ukubwa wake, kisha kakitazame choo chako.

Hapo ndipo nilipofika. Ilipokuwa tamu nendeni napo nyumbani. Ilipokuwa chungu niachieni, nitapatafuna na ugali.