Fuwele Katika Glasi za Chai

Sikukuu ya Diwali ilipokaribia, mji mzima wa Rajkot, India, ulishika ufagio. Magodoro yalianikwa juu ya mapaa, masufuria yakasuguliwa hadi yakang'aa, na mtu aliyeacha vumbi nyumbani mwake alionekana kama amemfungia mlango Lakshmi, mungu wa kike wa neema. Hemangi Rathod, mwanafunzi wa utafiti chuoni, alilelewa katika desturi hiyo, na hapo ndipo shetani alipompitia.

Kwenye rafu ya maabara alikuwa na mirija ya kioo iliyojaa jeli. Ndani yake alikuwa akiotesha fuwele za kalsiamu oksalati, kitu kilekile kinachojenga mawe mengi ya figo. Kazi hiyo inataka utulivu: ukishamimina dawa juu ya jeli, mirija haiguswi wala haitikiswi. Profesa Vasavada alikwisha kumwonya kuwa asipomwonyesha fuwele kufikia sikukuu ya Dev Diwali, baada ya likizo, angempa utafiti mwingine. Hemangi hakutaka hata kuisikia habari hiyo. Kila kiangazi baba yake aliugua mawe hayo, akijipinda sakafuni kama nyoka aliyepigwa, na binti aliapa kuyajua tangu yanapozaliwa.

Lakini jamani, vumbi la rafu lile! Siku ya mwisho kabla ya likizo, uzalendo ukamshinda. Akainua kishikilio cha mirija taratibu, apitishe kitambaa tu. Kitambaa kikanasa, kishikilio kikamponyoka, na mirija yote ikawa vigae sakafuni. Hemangi akaangua kilio.

Alipojikaza alikimbilia dukani kutafuta mirija mingine. Mwenye duka, aliyekuwa akishusha mlango, akamwambia imekwisha, na mzigo mpya haungefunguliwa hadi Labh Pancham, siku wafanyabiashara wanapofungua tena maduka baada ya sikukuu. Kungoja hadi siku hiyo kulikuwa sawa na kukubali kushindwa, kwa kuwa fuwele haziharakishwi.

Akaenda kujiinamia kwenye kibanda cha chai cha Karsanbhai, karibu na lango la chuo. Huko akaitazama glasi iliyokuwa mkononi mwake: ndogo, nene, inayopitisha mwanga. Akaimaliza chai kwa mkupuo mmoja.

"Mjomba, niuzie glasi zako zote."

Karsanbhai akamkodolea macho. "Na wateja wangu niwanyweshe chai viganjani?"

"Nitatia sumu humo, mjomba. Usitegemee hata moja irudi."

"Basi chukua," mzee akasema huku akicheka. "Mtu aliyekwisha kutaja sumu mimi simnyimi kitu."

Profesa alipopigiwa simu aliguna, akauliza tangu lini chai ikawa sayansi, kisha akamruhusu kuchukua ufunguo wa maabara. Wenzake walipokuwa wakifyatua fataki na kula peremende, Hemangi alikoroga jeli, akaijaza kwenye glasi, akazifunika kwa visahani. Kisha akafunga mikono. Vumbi likatanda juu ya rafu, naye akaliacha litande.

Siku iliyongojewa ilipofika, Profesa Vasavada aliinamia hadubini. Mbele ya jicho la mwalimu zilisimama fuwele angavu, zenye kingo kali, nzuri kuliko zote zilizowahi kuota katika mirija.

"Endelea na hizihizi," akasema, "na hizo glasi usizitupe."

Furaha ilimjaa Hemangi, akampigia baba yake simu aje upesi. Baba alipofika alifumba jicho moja, akachungulia kwenye hadubini.

"Kumbe ndiyo haya? Yamenitoa machozi miaka yote, na kumbe yanapendeza kuliko vito vya mama yako."

Akacheka hadi akajishika mbavu. Hemangi naye akacheka, machozi yakimlengalenga.

"Sasa tumeonana nayo ana kwa ana, Baba. Kazi ndiyo inaanza."

Ama kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.